Kusema Uliloliona: Darsa Kuhusu Tume za Uchunguzi na Mali ya Umma



Sifa njema zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, darsa hii imetokana na swali. Kila likizo ndefu, sisi wanafunzi tunaotoka Bugarama na vijiji vya mwambao huu wa Tanganyika hukutana baada ya swala ya alasiri tukasoma pamoja. Mwaka huu tulikuwa kwenye Suratul Hujurat. Tulipofika aya ya 12, inayokataza dhana mbaya, upelelezi na kusengenya, dada mmoja anayesomea uhasibu akauliza: tume ya uchunguzi inayokaa hadharani na kutaja majina ya wakubwa waliokula mali ya umma ina tofauti gani na baraza la wasengenyaji? Na mimi nikiitwa kutoa ushahidi juu ya mkubwa wangu wa kazi, niende, au nimsitiri ndugu yangu?

Nililibeba swali hilo hadi chuoni, nikasoma na kuuliza wanaojua zaidi yangu. Ni swali letu sote. Miaka michache ijayo mmoja wetu atakuwa forodhani kwenye bandari ya Rumonge, mwingine benki Bujumbura, mwingine ofisi ya komine, mwingine stoo ya dawa hospitalini. Tutashika karatasi. Siku moja mmoja wetu ataona karatasi isiyo sawa, na siku hiyo hatakuwa na muda wa kutafuta kitabu.

1. Rushwa ni moja, kutekwa kwa dola ni jingine

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili. Chukua mfano wa ziwani kwetu. Mvuvi amekamatwa na nyavu za macho madogo zilizokatazwa. Anampa mkaguzi kapu la ndagala, mkaguzi anafumba macho. Hiyo ni rushwa, au igiturire kama tusemavyo kwa Kirundi. Kanuni bado ipo palepale. Imevunjwa kwa usiku mmoja.

Sasa wafikirie matajiri watatu wenye mitumbwi mingi. Hawa hawahangaiki na kapu la ndagala. Wanahakikisha mkaguzi anayeteuliwa ni mtu wao. Wanakaa na waandishi wa kanuni mpaka inaandikwa kwamba leseni atapewa mwenye mitumbwi 20 na kuendelea. Tangu siku hiyo mvuvi mdogo ndiye mhalifu, na matajiri wale wako ndani ya sheria. Hakuna kanuni iliyovunjwa, kwa sababu kanuni yenyewe ndiyo iliyonunuliwa. Hilo ndilo wataalamu wanaloliita kutekwa kwa dola.

Qur'an imeligusa jambo hili katika Suratul Baqara, aya ya 188. Aya inakataza watu kula mali zao kwa batili, kisha inakataza kuzipeleka mali hizo kwa mahakimu na watawala ili kundi fulani lile haki za wengine huku likijua. Tazama jinsi aya inavyounganisha mali na mamlaka. Mwenye kula kwa batili akishampata mtawala wa kumsaidia, dhulma yake hupata muhuri.

2. Tume ni nini, na si nini

Hapa Burundi neno tume si geni. Tunayo Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyokusanya ushahidi na kufukua makaburi ya pamoja ili ijulikane nini kiliwapata jamaa zetu. Tume ya aina hiyo huuliza habari za damu. Darsa hii inahusu tume zinazouliza habari za mali.

Tofauti ya tume na mahakama ni hii: mahakama huuliza kama mshtakiwa fulani ana hatia ya kosa fulani. Tume huuliza jambo lilitokeaje, nani alijua, nani alisaini, na mlango gani uliachwa wazi. Tume haimfungi mtu kwa wizi inaouchunguza. Huandika ripoti na kupendekeza.

Mfano unaojulikana sana Afrika ni tume ya Jaji Raymond Zondo ya Afrika Kusini, iliyoundwa Januari 2018. Ilichunguza madai kwamba wafanyabiashara wa familia ya Gupta walikuwa na mkono katika uteuzi wa mawaziri na katika zabuni za mashirika ya umma wakati wa Rais Jacob Zuma. Ilisikiliza mashahidi zaidi ya 300, na sehemu ya mwisho ya ripoti ilitoka Juni 2022. Zuma alipokataa kurudi mbele ya tume, suala lilipelekwa Mahakama ya Katiba, na Juni 2021 mahakama hiyo ikamhukumu kifungo cha miezi 15 kwa kudharau amri yake. Rais mstaafu alifungwa kwa sababu alikataa kujibu maswali, kabla kesi yoyote ya wizi haijaamuliwa.

3. Mifano miwili kutoka kwa waliotutangulia

Baadhi ya ndugu hudhani kumhoji mtawala mbele ya watu ni jambo la kuiga kutoka Ulaya. Tutazame mifano miwili.

Wa kwanza umepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humayd as-Sa'idi (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aliyeitwa Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka ya Banu Sulaym. Aliporudi alitenga mafungu mawili: fungu moja akasema ni lenu, la pili akasema mimi nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, akaona kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Kisha akasimama mbele ya watu na kuwahutubia juu ya mtu anayetumwa kazi akarudi na maneno kama hayo.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, tumepewa kipimo kinachofanya kazi hata leo: je, bahasha hii ingenifikia kama nisingekuwa na cheo hiki? Pili, jambo la mali ya umma lilipelekwa kwa umma. Hotuba ilieleza kosa lenyewe ili kila mtumishi asikie, na haikugeuzwa kuwa matusi ya kumvunjia mtu heshima.

Mfano wa pili unatoka zama za Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.), nao umo katika Sahih Bukhari. Watu wa Kufa walimlalamikia gavana wao, Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.), mmoja wa maswahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Umar hakusema kwamba swahaba mkubwa kama huyu hachunguzwi. Alimwondoa kwanza katika cheo, akamwita na kumsikiliza, kisha akatuma watu Kufa. Wakapita msikiti kwa msikiti wakiuliza habari za gavana. Kila msikiti ulimsifu, isipokuwa mmoja wa Banu Abs, ambako mtu mmoja alisimama akadai kwamba Sa'd hatoki na jeshi, hagawi mali kwa usawa na hahukumu kwa haki. Sa'd akamwombea kwa Allah: ikiwa mtu huyu ni mwongo na amesimama kwa kutaka kuonekana, basi apewe umri mrefu, ufakiri na fitina. Masimulizi yanasema alizeeka hadi nyusi zikamwangukia machoni, naye mwenyewe akikiri kwamba dua ya Sa'd imempata.

Ndugu zangu, hiyo ni tume ya uchunguzi. Anayechunguzwa amewekwa kando ili asiwatishe mashahidi. Amesikilizwa. Mashahidi wameulizwa hadharani na mahali pengi. Mwishoni, Umar alipokaribia kufa, alitamka kwamba hakumwondoa Sa'd kwa udhaifu wala khiyana. Kwa hiyo uchunguzi haufanywi ili kumpata mwizi peke yake. Husafisha pia jina la mwaminifu. Na anayesimama kusema uongo katika uchunguzi amejiweka pabaya.

4. Karani wa Benki Kuu

Sasa tuje karibu na zama zetu, kwa majirani zetu Kenya.

Miaka ya mwanzo ya 1990 serikali ya Kenya ilikuwa na mpango wa kuwalipa nyongeza wauzaji wa bidhaa nje ili nchi ipate fedha za kigeni. Sheria iliruhusu asilimia 20 ya thamani ya bidhaa. Kampuni ya Goldenberg International, ya mfanyabiashara Kamlesh Pattni, iliomba mwaka 1990 ilipwe asilimia 35, na iwe peke yake katika kuuza nje dhahabu na vito vya almasi. Ikakubaliwa. Kenya haikuwa na machimbo ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo mno. Lakini kwenye karatasi, dhahabu na almasi zilitoka nchini na nyongeza ikalipwa. Rudi kwenye mfano wa ziwani: huku si kumpa mkaguzi kapu. Hapa kanuni ya fedha za umma ilipindwa kwa ajili ya kampuni moja.

Gharama ilimfika mtu wa kawaida. Makadirio yanayotajwa sana yanasema hasara ilizidi asilimia 10 ya pato la taifa la mwaka mzima. Mwaka 1993 mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika karibu asilimia 46. Goldenberg haikuwa sababu pekee, lakini ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa. Mama aliyenunua unga kwa bei hiyo hakuwahi kuliona jina la kampuni ile.

Aliyeliona ni karani kijana wa Benki Kuu, David Munyakei. Kazi yake ilimpitishia mikononi karatasi za malipo hayo. Aliona hesabu ambazo hazikulingana na akili. Mwaka 1993 nyaraka alizozitoa ziliwafikia wabunge wa upinzani na jambo likafika bungeni. Yeye alikamatwa, akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, na ingawa mashtaka hayakuendelea, kazi aliipoteza. Alihamia Mombasa. Huko alisilimu na kuoa.

Ilipita miaka 10 kabla ya nchi kumwita aseme. Februari 2003 Rais Mwai Kibaki aliunda tume chini ya Jaji Samuel Bosire, na Munyakei akawa miongoni mwa mashahidi. Mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimpa tuzo ya uadilifu. Ripoti ya tume ilitoka Februari 2006. Mwaka huohuo Munyakei alifariki, akiwa hajarudishiwa kazi yake.

5. Ripoti ikishaandikwa

Nawaomba msikimbilie kusema kwamba haki ilipatikana. Julai 2006 Mahakama Kuu iliamuru jina la George Saitoti, aliyekuwa Waziri wa Fedha wakati wa mkasa huo, liondolewe katika ripoti. Mwaka 2012 bodi iliyokuwa ikiwapima majaji wa Kenya ilimwona Jaji Bosire hafai kuendelea, na moja ya sababu ilikuwa kwamba tume yake haikumwita Rais mstaafu Moi licha ya amri ya mahakama. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilisimamisha mashtaka dhidi ya Pattni, na jaji aliyetoa uamuzi huo baadaye aliondolewa kazini kwa jinsi alivyoishughulikia kesi hiyo. Desemba 2024 serikali ya Marekani ilimwekea Pattni vikwazo kwa tuhuma nyingine, za magendo ya dhahabu Zimbabwe.

Somo la fiq'hi ya siasa hapa ni kwamba ushahidi ni nusu ya safari. Nusu nyingine ni mwenye kuhukumu. Umar alipotuma watu Kufa, aliyepokea majibu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kutenda, na alikwishaonyesha kwamba yuko tayari kumwondoa hata swahaba. Tume inayowaruka wakubwa hujenga ripoti yenye tundu, na kila mwenye wakili mzuri hupitia tundu hilo.

Lakini msiseme pia kwamba Munyakei alisema bure. Mpango ule wa malipo ulisimamishwa. Leo mwanafunzi wa uhasibu Afrika Mashariki anaisoma Goldenberg hatua kwa hatua kwa sababu karani mmoja hakukubali kuzichukulia karatasi zile kama karatasi tu.

6. Jibu la dada yetu

Je, huku ni kusengenya? Wanazuoni wamelijibu zamani. Imam an-Nawawi, katika Riyadhus Salihin, ametaja sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa asilolipenda. Miongoni mwao ni aliyedhulumiwa kumshtakia mwenye mamlaka, kutafuta msaada wa kuondoa munkari, na kuwatahadharisha Waislamu na shari. Mali ya umma ikiliwa, waliodhulumiwa ni watu wote, na tume ni mahali pa kushtakia.

Je, kumsitiri Muislamu? Sitara imehimizwa kwa aibu ya mtu iliyo baina yake na Mola wake. Dawa zilizoibwa stoo ya hospitali si aibu yake peke yake. Zina wagonjwa wenye haki nazo. Suratul Baqara aya ya 283 imekataza kuficha ushahidi na kumweleza mwenye kuuficha kuwa moyo wake umeingia dhambini. Suratun Nisaa aya ya 135 imetutaka tusimame na uadilifu tuwe mashahidi kwa ajili ya Allah, hata dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa.

Hata hivyo ruhusa hii ina mipaka, na hapa ndipo aya ya 12 ya Hujurat inapobaki na nguvu yake:

Kwanza, sema ulichokiona. Kama uliona saini, sema uliona saini. Usiseme uliona wizi. Kuunganisha ni kazi ya tume.

Pili, usipeleleze nyumba za watu. Karatasi iliyopita mezani kwako kwa kazi yako haikuwa upelelezi. Kufungua simu ya mkubwa wako usiku ni jambo jingine.

Tatu, thibitisha, kama aya ya 6 ya sura hiyohiyo inavyoamuru kwa habari inayoletwa na fasiki. Ujumbe uliosambazwa katika kundi la simu si ushahidi.

Nne, peleka mahali penye uwezo wa kutenda. Kulitaja jina la mtu kijiweni, kisha ukanyamaza mbele ya tume, ndiko kusengenya kwenyewe.

Tano, usishuhudie kwa sababu ya kabila, chama au kinyongo. Suratul Maida aya ya 8 imetuonya chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Sisi Warundi tunajua ushahidi wa chuki umetufikisha wapi.

7. Na hofu je?

Lipo jambo ambalo dada yetu hakulisema, nami sitalipita. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Aprili 2009, Ernest Manirumva, makamu mwenyekiti wa shirika la OLUCOME linalopambana na ufisadi hapa Burundi, aliuawa Bujumbura. Alikuwa akifuatilia masuala ya ufisadi. Sheria ya kupambana na rushwa ilikuwepo tangu Aprili 2006. Sheria haikumkinga.

Kwa hiyo siwezi kukaa na wadogo zangu nikawaambia kila mmoja akimbilie kusema. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria yetu, na hadithi maarufu imetupa daraja tatu za kuondoa munkari: mkono, ulimi na moyo, kila mtu kwa uwezo wake. Mwenye kuogopa kuuawa ana udhuru. Lakini udhuru wa kunyamaza haugeuki kuwa ruhusa ya kusaini. Hapo ndipo mpaka ulipo, na kila mmoja wetu anaweza kuusimamia: kutoweka jina lake chini ya hesabu anayojua ni ya uongo, kutopokea zawadi isiyopita kipimo cha Ibn al-Lutbiyya, kutunza kumbukumbu za kazi yake kwa tarehe, na kutobaki peke yake na jambo zito, bali kumshirikisha mwaminifu na mjuzi wa sheria kabla ya kufanya lolote. Aliyezoea hayo, tume ikimwita siku moja, atakuwa na cha kusema na atakisema kwa unyoofu.

Mazoezi yanaanza chuoni. Jumuiya yetu ina mfuko: michango ya futari, ada za wanachama, sadaka za wafadhili. Mweka hazina asomaye hesabu mbele ya wote kila muhula, na mwanachama anayeuliza bila kumtusi, wote wawili wanajifunza kazi ambayo nchi itaihitaji kwao. Tukiona haya kumuuliza ndugu yetu habari za faranga 50,000 za futari, hatutaweza kumuuliza waziri habari za mabilioni.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Toa mfano wa rushwa na mfano wa kutekwa kwa dola katika biashara ya mawese au usafiri wa barabara ya Bujumbura hadi Rumonge. Nani anaumia katika kila mmoja?
2. Umar (r.a.) alimwondoa Sa'd (r.a.) kabla uchunguzi haujaisha. Kuna faida na hatari gani katika njia hiyo?
3. Wewe ni mhasibu katika ofisi ya komine. Unaletewa risiti ya saruji ambayo hukuiona ikifika. Utafanya nini siku hiyo, na utaandika nini?
4. Jumuiya yetu itasoma hesabu zake lini?

Tunamwomba Allah (s.w.) atujaalie kuwa miongoni mwa watunza amana, awape subira wanaosema kweli kwa gharama, na awarehemu waliotangulia. Wabillahi tawfiq.